Mzazi, usilipe ada kabla ya kusoma jina la kozi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu za wazazi hujaa vipeperushi vya vyuo vinavyotangaza afya ya jamii, ustawi wa jamii na unasihi kwa ada nafuu inayolipwa kwa awamu. Mwenye binti mpole, anayependa kusaidia watu, huona amefika.

Tatizo huanzia kwenye jina. Afya ya jamii, ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii husikika kama ndugu wa tumbo moja, lakini kila moja ina mlango wake wa ajira. Ofisa ustawi wa jamii hushughulikia migogoro ya ndoa, matunzo ya watoto, wazee na wagonjwa wasio na ndugu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii hupita nyumba kwa nyumba. Mpango wa Serikali wa wahudumu hawa, uliozinduliwa Januari 2024, una mafunzo ya miezi sita, na wanaochukuliwa hupendekezwa na kijiji au mtaa wao. Kumlipia mtoto kozi ya miaka kadhaa kwa kutegemea nafasi hiyo ni kwenda mbali kutafuta kilicho mlangoni.

Matangazo ya kazi serikalini hutaja fani kwa jina. Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata fomu, ingia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, soma matangazo ya nyuma ya kazi anayoitaka mtoto, kisha linganisha na jina litakaloandikwa kwenye cheti chake. Ni kazi ya jioni moja na bando kidogo. Hakikisha pia kozi yenyewe inatambuliwa, si chuo tu: vyeti na stashahada huwa chini ya NACTVET, shahada chini ya TCU.

Sasa hesabu. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kupanda ngazi kwa ngazi: cheti mwaka mmoja, stashahada miwili, kisha shahada mitatu. Njia ni ndefu, lakini familia hupumua katikati, na mwenye stashahada anaweza kufanya kazi kwanza. Mwambie mapema kwamba kuingia shahada kwa stashahada kunahitaji GPA isiyopungua 3.0. Wengi huambiwa hilo wakiwa wameshachelewa.

Ada ndogo isikupumbaze. Chuo cha bei rahisi kilicho mbali huja na kodi ya chumba, nauli na chakula, na vikijumlishwa huweza kuizidi ada. Anayeishi Dar es Salaam aangalie kwanza Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, ambayo ni ya umma. Wa mikoani wapo karibu na vituo vya Chuo Kikuu Huria, ambako mtu husoma akilala kwao.

Mkopo upo, na tangu 2023/24 Bodi ya Mikopo inawafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Si kila fani imo, hivyo soma mwongozo wa mwaka husika. Mtoto ajue pia kwamba akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake itakatwa kila mwezi hadi deni liishe.

Mwisho, omba chuo kikupe kwa maandishi malipo yote hadi kuhitimu: michango, mitihani, sare na hasa fildi, maana huko mwanafunzi hujitegemea nauli na malazi kwa wiki kadhaa. Chuo kikikataa kuyaandika, shika hela yako uende kwingine.