Shule Bora au Njia Fupi? Mizani ya Kuchagua Makao kati ya Hewani na Garsen

Mzazi wa Nairobi anapotafuta nyumba ya kupanga huweka mambo mawili kwenye mizani. La kwanza ni ubora wa shule zilizo jirani; la pili ni muda atakaoutumia njiani kila siku. Akihamia Ongata Rongai au Kitengela, aghalabu hupata kodi nafuu na uwanja wa watoto kuchezea, lakini sharti aingie kwenye matatu kabla ya jua kuchomoza. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mizani hiyo hiyo inavyofanya kazi mahali ambapo mzazi hana ofisi ya kuwahi: kijiji cha Hewani, katika bonde la chini la mto Tana, na mji wa Garsen ulio jirani yake. Njia za huko nimezitembea kwa miguu yangu, na hivi sasa kuna mtu wa nyumbani kwetu anayetakiwa kuamua.

Kwanza tulitazame neno. Tunapotaka kutaja makazi ya pembezoni mwa mji, Kiswahili kinatupa maneno kadhaa, na kila moja lina historia yake. Kitongoji ni kijiji kidogo. Nchini Tanzania ni ngazi rasmi ya utawala iliyo chini ya kijiji. Kiunga ni shamba la miti ya matunda lililo kando ya mji, na kutokana na maana hiyo tukapata viunga vya mji. Nalipenda zaidi neno hili la pili kwa sababu linakumbusha kuwa hapo zamani makao ya pembezoni na shamba vilikuwa kitu kimoja. Hewani bado ni hivyo. (Wenzangu chuoni hulisikia jina hilo wakanitania kuwa nimeshuka kutoka angani. Laiti wangejua kwamba kijiji kimekaa chini bondeni, na kwamba kinachotusumbua ni maji, wala si hewa!)

Wapokomo wa Hewani na Wema ni wakulima wa ukingoni mwa mto. Hulima mpunga, mahindi, ndizi na maembe katika udongo unaorutubishwa na mafuriko. Mpunga ukianza kutoa masuke, sharti mtu akae juu ya dungu kuamia ndege tangu alfajiri hadi magharibi. Nyani nao hawangoji mwaliko, na usiku hutoka viboko. Kwa hiyo nyumba huwekwa pale ambapo shamba litalindika. Hapa ndipo mizani ya Hewani inapotofautiana na ile ya Nairobi. Kule Nairobi mzazi ndiye msafiri, ilhali kijijini msafiri ni mtoto, na familia ikihamia Garsen kwa ajili ya shule, safari haifutiki bali humhamia mzazi, ambaye sasa atalazimika kurudi shambani kila mara.

Tuje sasa kwenye hesabu ya muda. Tuchukulie mtoto anayetembea saa moja kwenda na saa moja kurudi, kwa siku 180 za masomo. Atakuwa ametumia saa 360 njiani, sawa na siku 45 za shule zenye saa 8 kila moja. Hesabu hii ni nzito tayari, lakini ina kasoro kubwa: inadhania kuwa njia ni ile ile mwaka mzima. Wakati wa kiangazi bodaboda hupita bila shida. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata magurudumuni hata pikipiki ikabebwa badala ya kubeba. Mto ukifurika, hapana njia tena. Pana mtumbwi, na mamba wamo majini. Bonde hili lilifurika vibaya mwaka 1997 na 1998 wakati wa Elnino, likafurika tena mwaka 2018, kisha mwishoni mwa 2023 na katika masika ya 2024. Wala mvua inayonyesha Hewani si kipimo cha kutosha, kwa kuwa maji huteremka kutoka nyanda za juu na kupitia mabwawa kama Masinga na Kiambere; yakijaa huko, sisi wa chini hupata mafuriko hata chini ya jua kali.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba urefu wa njia upimwe kwa mwezi wake mbaya zaidi. Wastani wa mwaka hauna manufaa kwa mzazi aliyesimama ukingoni mwezi Mei. Mtoto anayekosa siku 20 mfululizo hupoteza saa 160 za masomo, na hupoteza mada nzima ambayo wenzake wa mjini wamekwisha kuimaliza.

Ama kuhusu ubora wa shule, hapa ndipo wazazi wengi hupotoshwa. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa wastani wa alama za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Wastani huo ulificha mengi: shule iliyochagua wanafunzi hodari mlangoni ilionekana kuwa imewafunza vizuri. Swali lenye maana zaidi ni hili: walimu ni wangapi, wamesomea nini, na je, hukaa? Tangu Januari 2023 sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, imewekwa ndani ya shule za msingi. Kwa kijiji kama Hewani uamuzi huo ulikuwa faraja, maana ulimruhusu mtoto kulala kwao kwa miaka mitatu zaidi. Hata hivyo, masomo ni 9, na penye walimu wachache mwalimu mmoja hujikuta akifundisha asichokisomea.

Jirani zetu wa Tanzania walilijua tatizo hili mapema. Kupitia mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, shule za kata zilijengwa kwa wingi ili mtoto asiende mbali. Majengo yalikaribia nyumba za watu, lakini walimu na maabara vilichelewa kufuata. Sisemi kwamba haikufaa kuzijenga, kwa sababu wasichana wengi wasingalisoma kabisa bila shule hizo. Nasema tu kwamba ukaribu haukuleta ubora pamoja nao.

Nilizaliwa mwaka wa Elnino, na nilipofika darasa la sita shule niliyosoma, ambayo sitaitaja jina, ilikaa muhula mzima bila mwalimu wa hisabati. Mama akapanga chumba Garsen, nasi watoto wawili tukahamia huko. Baba akabaki. Mwaka ule mpunga wetu uliliwa na ndege kwa kuwa dungu lilikuwa na mtu mmoja tu, naye hakuweza kukesha kwa viboko na kuamka kwa ndege. Alama zangu zilipanda, lakini kwa mara ya kwanza nyumbani kwetu tulinunua mchele dukani.

Pia palikuwa na gharama ambayo wasomaji wa jarida hili wataitambua upesi. Sera ya elimu huruhusu lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya mwanzo. Kijijini ni Kipokomo. Garsen ni mji wa Wapokomo, Waorma, Wawardei, Wamijikenda na wengine, hivyo lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Mimi nilikwenda Garsen nikiwa na Kipokomo changu kamili. Mdogo wangu alikuwa na miaka minne, na leo hukielewa asikiseme. Lugha hizi mbili ni ndugu katika kundi la Kisabaki, kwa hiyo moja huimeza nyingine bila kelele.

Sasa kaka yangu mkubwa anakabiliwa na mizani ile ile. Bintiye anamaliza gredi ya 9 kijijini. Sekondari pevu, ambayo kundi lake la kwanza liliingia gredi ya 10 Januari 2026, haimo ndani ya shule ya msingi, na mtoto anataka mkondo wa sayansi, jambo linalodai maabara. Kaka alikuwa tayari kuhamisha nyumba nzima tangu msichana akiwa gredi ya 7. Nilimshauri asubiri, na bado naamini nilimshauri vyema: kwa miaka mitatu mtoto alisoma karibu, akakosa baadhi ya walimu lakini hakukosa siku, na shamba likabaki na watu. Kwa gredi ya 10 sina hoja ya kumzuia. Bweni lina karo isiyomudika. Chumba cha kupanga Minjila, mahali palipoinuka na barabara ya Lamu inapochepuka, kinamudika, ila msichana wa miaka 15 hawezi kuachwa humo peke yake. Bibi amesema atakwenda kukaa naye. Kaka amekubali, na tangu juzi anaulizia kijana wa kumsaidia kulinda mpunga, kwa sababu kwa miaka yote hii aliyekuwa akikaa dunguni asubuhi ni bibi huyo huyo.