Aliyeumia Kazini Arudi Vipi Kazini?



Mtu akiumia kazini, sisi hufanya harambee ya hospitali na kuachia hapo. Kidonda kinapona, lakini mwenyewe anakaa tu nyumbani. Mwaka unapita, kazi imeenda, na haki yake nayo imeenda. Kupona ni nusu ya safari. Nusu ile nyingine ni kurudi kazini.

Tuchukue mfano wa kijana anayepasua mbao. Msumeno wa mashine umemkata vidole viwili. Kikundi kimsaidie vipi?

RIPOTI MAPEMA
Sheria ya fidia kwa walioumia kazini ni ya mwaka wa 2007. Inamlinda mfanyakazi, hata mwanagenzi anayejifunza kazi. Mwajiri aambiwe mara moja, kwa mdomo au kwa barua. Barua ni afadhali, na nakala iwekwe. Mwajiri naye ana siku 7 za kuarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Akinyamaza, msikae, nendeni afisi ya leba. Madai ya fidia yapelekwe kabla miezi 12 haijaisha tangu siku ya ajali.

JUENI HESABU
Gharama za matibabu na dawa ni za mwajiri, hata za mguu au mkono wa bandia. Ulemavu ukibaki, daktari huupima kwa asilimia. Fidia ni asilimia hiyo ya mshahara wa miezi 96. Kijana wetu akiwa analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na daktari aandike asilimia 10, fidia ni shilingi 144,000. Basi asikubali kutia sahihi ati kwa sababu amepewa elfu tano ya pole!

ANAWEZA KAZI GANI?
Tusiulize tu amepoteza nini. Tuulize kimebaki nini. Huyu kijana anajua mbao. Anaweza kuzihesabu, kuzipanga, kuuza, kuandika daftari. Aende kwa mwajiri na barua ya daktari inayosema ni kazi gani anaweza na gani hawezi. Aombe kuanza na kazi nyepesi, au nusu siku. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu.

KUJIFUNZA KAZI NYINGINE
Kazi ya zamani ikishindikana, bado kuna njia. Serikali ina vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu, kwa mfano Machakos, Embu na Kabarnet. Shirika la APDK, lililoanzishwa 1958, hutengeneza viungo vya bandia na viti vya magurudumu. Ulizeni katika afisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu.

KAZI YA KIKUNDI
- Mtu mmoja amsindikize afisini na kuweka karatasi zote pamoja.
- Fidia ikija, msaidieni kupanga kabla haijaliwa: cherehani, kibanda, au karo ya chuo.
- Mpeni jukumu katika kikundi. Anayeitwa "maskini yule" kila siku, mwisho hujiona hivyo.

MASWALI YA KUJADILI
1. Katika kijiji chetu, nani aliumia kazini na hajarudi?
2. Miezi 12 yake imebaki mingapi?
3. Nani atamtembelea wiki hii?