Lenzi za Jichoni Zinapoacha Kutengenezwa

Mwenye kuvaa lenzi jichoni badala ya miwani huenda siku moja kununua kama desturi yake, akaambiwa kwamba kiwanda kimeacha kuzitengeneza. Kwa mkaazi wa Isaka habari hii ni nzito. Hapo pana stesheni ya reli, bandari kavu, na malori yaendayo Rwanda na Burundi; lakini kumpata mpimaji wa macho mwenye vifaa vya lenzi huenda kukamlazimu safari ya Mwanza, iliko Hospitali ya Bugando, au mbali zaidi.

Sababu moja ya kuachwa huku ni hii. Konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hupata oksijeni kutoka hewani. Lenzi laini ambazo Otto Wichterle wa Chekoslovakia alizitengeneza nyumbani kwake mwaka 1961, kwa mtambo alioufanyiza kwa vifaa vya kuchezea watoto (ajabu iliyoje!), hupunguza hewa hiyo. Tangu mwaka 1999 zimeuzwa za silikoni haidrojeli, zipitishazo oksijeni nyingi zaidi, na aina za kale zikaanza kuondolewa sokoni.

Wako wanaotafuta badala yake kwa kutazama nguvu peke yake. Jambo hili twalikataza. Juu ya kasha mna pia BC, ndio mpindo wa lenzi, na DIA, ndio upana wake. Ikibana hulikosesha jicho hewa, ikilegea huteleza. Hata zikilingana tarakimu zote, lenzi za viwanda viwili zaweza kukaa mbalimbali, kwa kuwa maada zake si moja. Wala nambari ya miwani haitoshi: mwenye miwani ya -6.00 huhitaji lenzi ya kadiri ya -5.50.

Basi avae miwani mpaka apimwe, wala asizivae za mwezi mmoja kwa miezi mitatu. Vumbi la Isaka lisimshawishi kuziosha kwa maji ya bomba au ya kisima, kwani humo huweza kuwamo vijidudu viitwavyo akanthamiba, viwezavyo kupofusha. Wakati wa udhu na afumbe macho. Ndani ya jicho si mahali pa kuoshwa. Mikono na ikauke kabla ya kuzigusa.

Safari ina gharama, hatukatai. Achukue kasha la zamani na cheti cha vipimo, na aombe jozi ya kujaribu siku kadhaa kabla ya kununua makasha mengi.