Kuua Vijidudu kwa Mgandamizo

Si moto peke yake unaoua vijidudu. Mwaka 1899 Bert Hite wa Marekani alionyesha kwamba maziwa yakigandamizwa kwa nguvu nyingi hukawia kuchacha. Mwaka 1990 Japani ikaanza kuuza jemu ya namna hiyo. Siku hizi viwanda hugandamiza juisi hadi mara 6,000 ya uzito wa hewa. Vijidudu hufa, ladha inabaki. Lakini vingine hujikinga kwa ganda gumu, kwa hiyo juisi huwekwa kwenye friji.

Mashine hizo ni ghali. Hapa Sori maji ya ziwa yaweza kutuletea kipindupindu. Basi tuyachemshe, yatokote dakika nzima, tuyafunike, tuchote kwa kikombe safi chenye mkono. Moto wetu unatosha.