Mwaka Mpya na Sindano: Kiraka Si Aibu

Mwaka mpya unapoingia, kila mtu hujiwekea ahadi. Mkulima huahidi kupalilia mapema, mwanafunzi huahidi kusoma kwa bidii, na ofisi huandika mipango mirefu katika majalada mapya. Sisi leo tungependa kuwaomba wasomaji wetu, wananchi na maofisa wa Serikali kwa pamoja, waitazame ahadi moja ndogo ambayo haikuandikwa katika jalada lolote. Imo ndani ya kapu la ukili katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba: vipande vya kanga kuukuu, mabaki ya vitambaa kutoka kwa fundi cherehani, na sindano iliyochomekwa kwenye kidonge cha uzi.

Tunazungumzia ushonaji wa mifarishi ya viraka. Mfarishi ni tandiko nene la tabaka tatu. Juu huwa viraka vilivyoungwa vikafanya sura moja. Katikati hutiwa pamba, sufi au nguo kuukuu iliyolainika. Na chini huwekwa kitambaa kizima. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayopita juu mpaka chini. Ni kazi isiyodai mtaji mkubwa, lakini inadai jicho, mkono na subira.

Wapo watakaosema kwamba kiraka ni alama ya umaskini, na kwamba katika zama hizi za maendeleo si vyema kuwahimiza watu wetu kurudi kwenye matambara. Fikira hiyo ni potofu, na historia ya mwambao wetu inaikanusha. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 akina mama wa pwani walikuwa wakinunua leso zikiwa bado pande moja, wakazikata tatu tatu, kisha wakaviunga vipande viwili kwa sindano hadi wakapata vazi la leso sita. Humo ndimo ilimozaliwa kanga, nayo katika mwambao wa Kenya ingali ikiitwa leso mpaka leo. Tanga la jahazi nalo lilikuwa mapande ya kitambaa yaliyoungwa kwa mkono, na baharia aliujua umuhimu wa mshono madhubuti, kwani upepo haumhurumii mtu kwa kuwa fundi wake alikuwa na haraka.

Isitoshe, ng'ambo ya bahari yetu hii hii wako watu wenye asili ya Afrika walioifikisha kazi ya kiraka katika daraja ya juu. Hao ni Wasidi wa jimbo la Karnataka, nchini India. Katika karne zilizopita wazee wa Wasidi wa India walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wao wakiwa watumwa, na wengine wakiwa mabaharia na askari. Sehemu yao walitoka katika pande zetu za Afrika Mashariki. Wanawake wa Kisidi hushona mfarishi uitwao kawandi. Hutandaza chini kitambaa, mara nyingi sari kuukuu, kisha huanza kushona viraka ukingoni, wakizunguka polepole kuelekea katikati, kila kiraka kikikunjwa pindo na kushonwa papo hapo. Pembeni, penye kona nne, huweka vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu, waviitavyo phula, yaani maua. Kwao mfarishi usio na maua hayo ni kama mtu asiyevaa nguo. Nguo za zamani za jamaa ndizo zifanyazo kazi hiyo, nayo imeonyeshwa hata katika nchi za mbali. Hakuna aliyeiita aibu.

Hivi karibuni tulibahatika kukaa barazani na bibi mmoja wa shamba, mshonaji wa miaka mingi. Hakuwa na rula wala futi ya fundi. Alipima kiraka kwa shibiri na upana wa mshono kwa wanda, na mishono yake ilikuwa sawa kama punje za tasbihi. Tulipomuuliza ni nani anayejifunza kwake, alicheka kidogo akatujibu, "Wajukuu zangu huja kuutandika, hawaji kuushona." Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Ujuzi uliomo katika vidole vya bibi huyo haukuandikwa mahali popote. Siku atakapoondoka utaondoka naye, na hakuna duka litakaloturudishia.

Basi ni ujuzi gani tuushughulikie katika mwaka mpya? Sisi tunapendekeza mambo matatu tu, kwani anayeshika mengi humponyoka yote.

La kwanza ni kipimo. Wanda wa bibi yetu unatosha kwa kazi ya mtu mmoja, kwa sababu kidole ni kile kile. Lakini kikundi cha watu watano kina vidole vya watu watano, na mfarishi wao hautanyooka mpaka wote watumie kigezo kimoja kilichokatwa katika karatasi ngumu. Tutoe mfano. Mfarishi wa viraka 80, yaani viraka 8 kwa upana na 10 kwa urefu, kila kiraka kikiwa na sentimita 15 baada ya kuungwa, utakuwa na sentimita 120 kwa 150, karibu sawa na kanga moja. Ili kuacha sentimita 1 ya mshono kila upande, kila kiraka kikatwe sentimita 17. Sasa tuseme mshonaji amekula milimita 2 zaidi ya kiasi. Milimita 2 ni kitu gani? Lakini kila mshono unakula vipande viwili, hivyo hupotea milimita 4. Upande wa viraka 10 una mishono 9, kwa hiyo zitapotea milimita 36. Mstari wa jirani ulioshonwa na mtu mwingine kwa kiasi sahihi utauzidi kwa zaidi ya sentimita 3, kona hazitakutana, na kazi ya wiki nyingi itajikunja kama jani kavu. Haba na haba hujaza kibaba; na makosa nayo yana kibaba chake.

La pili ni kukijua kitambaa. Kitambaa cha pamba hunywea kinapofuliwa mara ya kwanza, na rangi za kanga mpya huweza kuchuja. Mtu akichanganya kipande kipya na kikuukuu bila ya kukifua kwanza, siku mfarishi utakapoingia majini utafanya mikunjo, na wekundu utahamia kwenye weupe. Dawa yake ni rahisi: kila kitambaa kipya kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi, kianikwe, kipigwe pasi, ndipo kikatwe kwa kufuata mwendo wa uzi wake. Vile vile kitambaa kizito kisiungwe na chepesi, kwani kizito hukivuta chepesi mpaka kikapasuka.

La tatu ni umaliziaji. Hapa ndipo kazi zetu nyingi zinapoanguka. Mtu hushona uso wa mfarishi kwa uangalifu, kisha huchoka, akaharakisha tabaka na pindo. Hapana budi tabaka tatu zitandazwe juu ya sakafu au mkeka ulionyooka, zipigwe bandi kutoka katikati kwenda pembeni, ndipo mishono ya kudumu ifuate. Sufi au pamba isiyoshikwa kwa mishono ya karibu karibu hukimbilia kona moja baada ya kufuliwa mara chache. Pindo likunjwe mara mbili na fundo la uzi lifichwe ndani. Mnunuzi mwenye busara huugeuza mfarishi akatazama mgongo wake kabla hajauliza bei.

Sasa tuwageukie viongozi wetu. Ni dhahiri kwamba juhudi za kuwasaidia akina mama na vijana zipo, na sisi tunazithamini. Hata hivyo, lingekuwa kosa kudhani kwamba cherehani peke yake inaleta ufundi. Cherehani ikikabidhiwa kwa hotuba na makofi, bila ya mtu wa kufundisha kuitia mafuta, kulinganisha uzi na kubadili sindano, baada ya muda hugeuka meza ya kuwekea vikombe. Tungependa kuona kila wilaya ikiwatafuta mafundi wazee kama yule bibi tuliyemtaja, ikiwaandika majina, na kuwalipa wafundishe vijana katika shehia zao. Malipo hayo yasionekane kuwa sadaka. Mwalimu wa skuli hulipwa kwa anachokijua, na fundi huyu naye anajua.

Jambo jingine ni bei. Mshonaji wetu hupanga bei kwa kuhesabu kitambaa na uzi, akasahau kuhesabu maisha yake. Tuseme, kwa mfano tu, mfarishi umechukua saa 60 na umeuzwa shilingi 30,000. Vifaa viligharimu 12,000. Zinabaki 18,000, yaani shilingi 300 kwa kila saa ya mgongo kuinama na macho kukodoa. Hakuna mtu angekubali ujira huo kama angeuona umeandikwa. Kwa hiyo ahadi ya mwaka mpya kwa kila kikundi iwe ni daftari: siku gani tulishona, saa ngapi, wangapi. Maofisa wa ushirika wanaweza kuwasaidia kulisoma daftari hilo na kupanga bei ya haki.

Visiwa vyetu hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia, nao hupenda kurudi kwao na kumbukumbu. La kusikitisha ni kwamba si kila kinachouzwa katika maduka ya Mji Mkongwe kimetengenezwa Visiwani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Na biashara ya kazi za watu wengine haitatusitiri sisi. Serikali yenyewe ingeweza kuwa mfano mwema kwa kununua kazi za mikono za wananchi kwa ajili ya nyumba zake za wageni na zawadi za wajumbe, lakini kwa sharti moja: kazi ikaguliwe mbele na nyuma, na iliyo mbovu irudishwe kwa adabu. Kununua kazi mbaya kwa huruma ni kumnyima mshonaji mwalimu wake.

Kwa yule asemaye kwamba hana wakati, tunamjibu kwa hesabu. Akikata na kuunga viraka 2 kwa siku, viraka 80 vitakwisha kwa siku 40. Akianza katikati ya Januari, uso wa mfarishi utakuwa tayari kabla ya mwisho wa Februari. Zitabaki zaidi ya siku mia moja za kushona tabaka na kumalizia pindo kabla ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwezi wa Julai. Ingekuwa furaha iliyoje kama siku hizo, mwaka wetu wa jadi unapogeuka, mifarishi ya shehia mbalimbali ingetundikwa kambani, wananchi wakaitazama, mafundi wazee wakaikagua, na vijana wakaambiwa kwa uwazi ni wapi mshono ulipopinda!

Sisi hatuahidi kwamba mfarishi utaondoa shida zote za nyumba. Tunachosema ni kwamba ujuzi huu upo, vitambaa vipo, na walimu wachache wangali hai. Mwaka huu mjukuu aende barazani kwa bibi yake akiwa na sindano mkononi, na ofisa wa wilaya amfuate akiwa na kalamu. Wakichelewa, tutabaki na kapu la vipande, asiwepo mtu wa kuviunga.