Rekodi za Upepo na Mawimbi kwa Vipimo vya Thika Road

Kutoka Ruiru hadi ufuo wa Mombasa ni kama kilomita 500, na wengi wetu huku bahari tunaiona Desemba tu. Lakini huko kuna mashindano yasiyopumzika: upepo unasukuma, maji yanainuka. Hawa hapa mabingwa, kuanzia kinda hadi bingwa wa nyumbani.

1. Mdogo na wa polepole kuliko wote

Huyu hana haja ya nauli ya pwani. Panda hadi bwawa la Ndakaini asubuhi, maji yakiwa yametulia. Upepo ukipita, utaona doa jeusi likikimbia juu ya maji. Inama karibu: ni mikunjo midogo iliyosongamana, na kila wimbi kubwa la upepo popote duniani lilianza kama mikunjo hiyo. Wimbi lenye sentimita 1.7 kutoka mgongo hadi mgongo ndilo la polepole kuliko yote katika maji yenye kina: sentimita 23 kwa sekunde, haifiki hata kilomita moja kwa saa. Kwenye foleni ya Githurai jioni bado ungelipita! Usilidharau, lakini. Maji laini huuponyoka upepo. Yakishakunjamana, upepo hupata pa kushika na kusukuma.

2. Bahari iliyochafuka kuliko zote kwa kipimo cha boya: mita 19

Tarehe 4 Februari 2013, boya lililo kati ya Iceland na Uingereza lilipima mawimbi ya mita 19. Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliithibitisha rekodi hiyo mwaka 2016. Na hilo si wimbi moja: ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Piga picha akilini ya jengo la ghorofa sita pale Ruiru, kisha jingine nyuma yake, na jingine, yote yakitembea.

Sasa sikiliza kasi ya upepo wa siku ile: kilomita 81 kwa saa. Matatu ya Thika inaruhusiwa 80! Kwa upande mwingine, rekodi ya upepo mkali kupita wote nje ya kimbunga cha tonado ni kilomita 408 kwa saa, kisiwani Barrow, Australia, mwaka 1996. Mara tano zaidi, lakini taji la mawimbi halikwenda huko.

Siri ni kwamba wimbi linadai vitu vitatu: upepo wenye nguvu, muda wa kuvuma, na uwanja wa maji wa kukimbilia. Ndakaini ni kama kilomita za mraba 3 tu. Upepo wa kilomita 81 hapo utafika ukingoni kabla mawimbi hayajakua. Hata tungechimba ziwa kutoka Ruiru hadi Thika, kilomita 20 hivi, upepo uleule ungetupa mawimbi ya mita 2 hivi. Atlantiki ina maelfu ya kilomita.

3. Wimbi moja, peke yake

Siku ya mwaka mpya 1995, kifaa cha leza kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, kilinasa wimbi la mita 25.6. Majirani zake walikuwa wa mita 12 hivi. Simama chini ya Fourteen Falls uangalie juu: maporomoko yale ni takriban mita 27.

Tena yuko mzee anayelipita. Mwezi Februari 1933, katika Pasifiki, maofisa wa meli ya Marekani USS Ramapo walilinganisha kilele cha wimbi na mlingoti wa meli yao, wakapata mita 34. Upepo ulikuwa umevuma siku saba mfululizo. Kati ya hawa wawili, mimi taji namwachia Draupner, kwa sababu alipimwa na mtambo. Lakini mita 34 zinanikosesha usingizi.

4. Mwenye mbio na msafiri

Upepo ukikoma, mawimbi hayakomi. Yale marefu, yanayopishana kila sekunde 20, hukimbia kilomita 112 kwa saa, ingawa msafara wao kwa jumla huenda nusu ya hapo. Mwaka 1963 Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mawimbi ya dhoruba za bahari ya kusini yakivuka Pasifiki nzima hadi Alaska, zaidi ya kilomita 10,000. Thika Superhighway ni kama kilomita 50. Hiyo ni safari 200 za kwenda tu, bila kituo cha mafuta.

5. Mwenye kina

Wimbi hilohilo la sekunde 20 husukasuka maji hadi mita 312 chini. KICC ni mita 105. Zipange tatu.

6. Bingwa wa nyumbani: Kusi

Hapa ndipo Thika inapoingia uwanjani. Mtaalamu John Findlater alieleza mwaka 1969 mkondo wa upepo unaovuka ikweta juu ya Kenya wakati wa Kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, ukapinda Somalia na kuelekea India. Kiini chake huruka kama kilomita moja na nusu kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na mwinuko wa Thika. Nyanda zetu za juu ndizo ukuta unaouzuia usitawanyike magharibi. Baridi na mawingu ya Julai tunayoyalalamikia huja na Kusi huyohuyo.

Akifika Bahari ya Arabuni, mwezi huo huinua mawimbi yenye wastani wa mita 3 na zaidi, na majahazi husimamisha safari. Na halafu rekodi yake kubwa: hugeuza mkondo mzima wa bahari wa Somalia, unaoelekea kusini wakati wa Kaskazi, ukakimbilia kaskazini kwa kasi inayofika mita 3.5 kwa sekunde. Mkimbiaji angelazimika kumaliza kilomita 10 kwa chini ya dakika 48 ili aushinde. Ni nadra duniani mkondo mkubwa hivyo kugeuzwa na upepo kila msimu!