Kabla ya kuunganisha simu kwenye redio ya gari

Mzazi aliyeagiza Mercedes-Benz au BMW iliyotumika kutoka Japani hufurahia viti vya ngozi, kisha hugundua redio haikamati stesheni nyingi. FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za zamani za huko huishia 90. Watoto wanadai nyimbo zao, simu inaita, na baba anaendesha kwa mkono mmoja.

Kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti na kurusha muziki kwa FM ni rahisi, lakini kwenye redio hiyo kinabanwa kati ya 87.5 na 90, na hukwaruza. Waya wa AUX hutoa sauti safi, ila haupokei simu.

Kung'oa redio nzima kunataka tahadhari. Mengi ya magari hayo ya miaka ya 2000 hupeleka sauti kwenye amplifaya kwa nyaya za mwanga. Ikifungwa redio ya kawaida, spika zinaweza kunyamaza. Adapta ya bluetooth ya modeli husika huiacha redio mahali pake.

Kubwa zaidi ni macho. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili za kutazama skrini ni mita 44 bila kuona barabara. Shirika la Afya Duniani linasema kuongea bila kushika simu si salama sana kuliko kuishika.

Nyimbo zichaguliwe kabla ya safari. Simu ya baba ikiita, mama apokee, au isubiri gari lisimame.